Taa za Rangi Hazirekodi Wimbo

Prodyuza wetu wa chumbani kaingia Kariakoo na laki sita. Muuzaji anamtolea laptop ya ThinkPad iliyotumika: RAM GB 16, SSD, kona imechubuka. "Kaka, hii chuma." Kaka anakunja uso, wasanii watamwonaje? Anabeba nyingine, inayowaka taa za rangi kwenye kibodi, RAM GB 4, diski ya kuzunguka.

Nyumbani, programu ya muziki ya FL Studio inafunguka kwa hisani. Ngoma inapita, besi inakatika, kinanda kinaganda. Feni nayo inavuma kwa nguvu hadi maikrofoni inaikubali kuliko mwimbaji.

Hongera, bosi. Video ikipigwa, taa zipo. Ila haki itendeke: kila wimbo uandikwe "akishirikiana na Feni", na kwenye mirabaha apewe chake.