Nyota Tano Bila Umeme: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba wa Panda

Kwa hiyo umeamua. Vyumba viwili vya nyuma vimebaki wazi tangu watoto wahamie Lubumbashi, nyumba ni ile ya matofali ya kampuni yenye mwembe uani, na mpwa wako amekuambia kuna watu wanaolipa dola kwa usiku mmoja tu. Yupo fundi anayekuja kwenye karakana kuu za Gécamines, kampuni ya shaba, hapa hapa Panda, Likasi, yupo msafiri aliyechoka kati ya Lubumbashi na Kolwezi, ipo familia ya harusi iliyokosa pa kulala. Mpwa amepiga picha na kuiweka nyumba kwenye programu ya Airbnb. Hongera, Mama. Umeingia shule ambayo mwalimu wake hubadilika kila asubuhi. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Sahau hesabu uliyofundishwa

Mwanao akileta asilimia 80 kutoka chuoni, hiyo ni "grande distinction": kuku anachinjwa, majirani wanaitwa. Mgeni akikupa nyota 4 kati ya 5, asilimia ni ile ile 80, lakini kuku mwache aendelee kuparura. Airbnb, kampuni iliyozaliwa San Francisco mwaka 2008, humhesabu mwenyeji kuwa bora akifikisha wastani wa 4.8. Ukipewa nyota 4 mara moja, utahitaji wageni wanne wa nyota 5 ili urudi kwenye wastani huo. Ukipewa nyota 1, utawahitaji 19.

Mwaka 2015 watafiti Zervas, Proserpio na Byers walionyesha kwamba karibu asilimia 95 ya nyumba walizozichunguza kwenye Airbnb zilikuwa na nyota 4.5 au 5. Yaani dunia nzima imefaulu, na mwenye 4 ndiye wa mwisho darasani. Ubaya ni kwamba mgeni hana habari. Anakupa 4 huku akitabasamu, na anadhani amekusifu.

Hatua ya 2: Kubali kwamba wewe ndiye SNEL

Programu inampa mgeni vipengele sita vya kupima: usafi, ukweli wa maelezo, mapokezi, mawasiliano, mahali na thamani ya bei. Tafuta utakavyo, hutaona mstari wa SNEL, shirika la umeme, wala wa Regideso, shirika la maji, wala wa barabara. Bwawa la Mwadingusha liko kwenye mto Lufira tangu 1930. Lilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, na viwanda hivyo bado vina njaa. Umeme ukikatika saa moja jioni, mgeni hatampigia simu waziri. Atakupigia wewe.

Zamani kampuni ndiyo iliyotoa nyumba, hospitali, shule na unga. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka "kwa hiari", katika mpango uliosaidiwa na fedha za Benki ya Dunia. Tangu hapo familia nyingi za Likasi zimejifunza kuwa kampuni zenyewe. Kwa hiyo nunua pipa la lita 200, paneli ya jua na taa tatu za kuchaji. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Likasi inapouma, weka ndoo ya maji juu ya makaa kabla mgeni hajaamka. Gharama zote hizo zitaingia kwenye kipengele cha "thamani ya bei", ambapo utaandikiwa kwamba chumba ni ghali kidogo.

Hatua ya 3: Andika maelezo kwa ufundi

Wanaoanza hupamba. Kukosa umeme wanakuita "jioni tulivu ya mishumaa". Jogoo wa jirani na kwaya ya mazoezi ya alfajiri ni "utamaduni hai". Maembe yanayopiga bati saa nane za usiku ni "bustani yenye matunda". Mgeni akifika, anasoma tena maelezo, anatazama bati, kisha anafungua simu.

Mwenye uzoefu hufanya kinyume. Anaandika wazi: umeme hakuna, maji ni ya ndoo, Lubumbashi iko kilomita 120 na usiitafute dirishani. Mgeni akija, umeme ukawaka kwa saa mbili tu, atakupa nyota 5 akiamini ni wewe uliyeuleta. Katika biashara hii yote, hakuna ujanja unaolipa kuliko kusema ukweli mbaya mapema.

Hatua ya 4: Mkaribishe, lakini kwa kipimo

Ukimwacha peke yake, ataandika kwamba mwenyeji ni baridi. Ukimpelekea chakula cha bukari na sombe, ukakaa naye kumsimulia ndoa ya binti yako, ataandika kwamba hakupata faragha. Mpe bukari na sombe, uliza mara moja tu, "Papa, umelala vizuri?", kisha ondoka kabla hajamaliza kujibu. Na ile desturi ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, isahau. Huyu amelipa.

Hatua ya 5: Muage vizuri

Kagua noti kwa heshima. Dola yenye mpasuko wa ukucha hakuna atakayeipokea sokoni, lakini ukimrudishia mgeni kwa sauti kubwa, mpasuko huo utahamia kwenye nyota zako. Usimwombe 5 waziwazi. Sema tu, "Papa, nyumba ni yako, utukumbuke," huku ukitazama simu yake.

Sasa subiri. Kila upande una siku 14 za kuandika, na tangu 2014 hakuna anayesoma maneno ya mwenzake kabla na yeye hajaandika, au kabla siku hizo hazijaisha. Utaratibu huo uliwekwa ili watu waseme kweli bila kuogopa kisasi. Matokeo yake ni wiki mbili ambazo wewe unaandika "mgeni mstaarabu sana" kuhusu mtu aliyelala na viatu kitandani, ukiomba Mungu na yeye awe mwongo kama wewe.

Hatua ya 6: Ikija nyota 1

Usijibu usiku. Usimtaje mama yake. Asubuhi andika: "Asante kwa maoni yako. Tunasikitika kwamba mvua ilinyesha." Watakaosoma hawatamhukumu yeye; watakupima wewe, kama unaweza kutukanwa na bado ukasema asante.

Kisha rudi kwenye hesabu: unahitaji wageni 19 wa nyota 5. Mpwa atashauri muwaite ndugu, kila mmoja alipie usiku mmoja na kuandika sifa. Mkatalie. Kwanza, programu inakataza sifa za kupangwa. Pili, ndugu huwa hawaandiki. Tathmini zao huzitoa kwa mdomo, matangani, mbele ya ukoo mzima, na hazina kikomo cha siku 14. Tatu, ukiwaita 19 watakuja kweli, wote, na hakuna kitufe cha kuwaondoa.