Toa Kwanza Hiyo Sarafu: Mwongozo kwa Wenye Mashine za Santuri Kariakoo

Toa kwanza hiyo sarafu. Hiyo hiyo ya shilingi mia uliyoibandika kwa gundi juu ya kichwa cha mkono ili sindano isiruke. Sindano inaruka kwa sababu mashine haijasetiwa, na dawa uliyoipata wewe ni kuikandamiza sindano mpaka ichimbe sauti ya Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alifariki Januari 1979. Harudi studio kukurekodia nyingine.

Nasema kwa ukali kwa kuwa nyimbo hizi hazina akiba kubwa. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania kwenye tepu, na zilipotaka santuri zilifunga safari hadi Nairobi. Nakala ya Western Jazz au Kilwa Jazz iliyofika salama hadi leo kwenye kabati la mzee fulani Mtaa wa Sikukuu imevuka mafuriko, panya, kuhama nyumba na wajukuu. Isije ikafia mikononi mwako.

Tuanze na kununua. Mashine za mitumba zinazoshuka na makontena zina siri moja ambayo muuzaji hakwambii, mara nyingi kwa sababu na yeye haijui. Igeuze, usome kibandiko. Ikiwa imeandikwa volti 100 au 120, utaambiwa ununue transfoma, nayo utaipata hapo hapo. Lakini transfoma inashusha volti tu, haigusi hezi. Umeme wetu ni hezi 50. Marekani ni 60. Japani wana zote mbili: upande wa Tokyo 50, upande wa Osaka 60. Mota ya kizamani inayofuata hezi, ikitoka Osaka na kufungwa Kariakoo bila kubadilishwa puli, itazungusha santuri ya 45 kwa mizunguko 37 na nusu. Utamsikia Salum Abdallah wa Cuban Marimba akiimba kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane, halafu useme muziki wa zamani ulikuwa wa polepole. Haukuwa wa polepole! Hakikisha spidi kwa karatasi ya mistari 180 iliyokatwa duara, uiweke juu ya sahani chini ya taa ya tyubu ya kizamani, maana nyingi za LED hazipepesi inavyotakiwa. Mistari ikionekana kusimama tuli, hiyo ni 33 na theluthi moja. Mkanda ukiwa umelegea, tafuta mkanda wa mashine ya santuri. Lastiki ya kiunoni ibaki kwenye suruali.

Sasa mahali pa kuiweka. Ukikaa karibu na Mtaa wa Msimbazi, kila mwendokasi likipita sakafu inapata habari. Funga rafu imara ukutani, kisha chukua pimamaji ya fundi ujenzi, ile fupi, uweke juu ya sahani. Pima kushoto kwenda kulia, pima mbele kwenda nyuma. Na sabufa usiiweke rafu moja na mashine. Besi itapanda kwenye mbao, iingie kwenye sindano, irudi kwenye sabufa, na mngurumo utakaotoka jirani wa ghorofa ya chini atakuja kuuulizia.

Kazi yenyewe iko kwenye mkono, na hapa naomba subira yako yote. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee hewani, usipande wala usishuke. Hapo geuza namba iwe sifuri bila kuuzungusha uzito wenyewe. Kisha zungusha vyote pamoja mpaka kiwango alichoandika mtengenezaji wa katriji. Nyingi zinataka kati ya gramu 1.5 na 2.5. Usiziamini namba za mashine iliyosafiri bahari mbili. Nenda kwa sonara, umwombe mizani yake ya dhahabu, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Atakushangaa, umweleze, na ukirudi mara ya pili atakuuliza una santuri gani. Wepesi mno nao ni ubaya: sindano ikielea inagongagonga kuta za mfuo na kuzimega. Kirekebisho cha mvuto wa pembeni kiweke namba ile ile ya uzito, uendelee.

Katriji lazima ikae kwa pembe yake, na kipimo cha karatasi utakichapisha steshenari. Msimamie kijana wa kompyuta. Mwambie asilikubali lile chaguo la kupunguza ukurasa utoshee, kwa kuwa milimita mbili zikipotea kipimo chote ni bure. Chukua rula ukihakiki kabla hujalipa.

Usichomeke waya moja kwa moja kwenye sabufa halafu ulalamike kwamba sauti ni ndogo na haina besi. Wakati wa kukata santuri, besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954. Lazima pawe na priamplifaya ya santuri ya kuyarudisha mambo yalivyokuwa, na ule waya mwembamba wa ardhi ufungwe humo, vinginevyo utasikiliza TANESCO badala ya taarabu.

Taarabu inanikumbusha zile nene za mizunguko 78. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za kizazi hicho zina mfuo mpana unaotaka sindano yake pana. Usizisafishe kwa spiriti, inaziyeyusha uso. Spiriti kidogo na maji ya betri, yale ya kuongezea, siyo tindikali, ni kwa zile za plastiki peke yake. Na lile gramafoni la pembe ya shaba ulilonunua kwa watalii lina kichwa kinacholemea kwa zaidi ya gramu 100. Usithubutu kuliwekea santuri ya Mbaraka hata kwa picha ya mtandaoni.

Mwisho umeme. Utakatika, tena katikati ya gitaa tamu. Sahani itapunguza mwendo na kusimama, sindano ikiwa bado ndani ya mfuo, na umeme utakaporudi kwa kishindo ndipo hatari ilipo. Kwa hiyo giza likiingia, nyanyua mkono wa mashine kwanza, uufunge kwenye kishikio chake, chomoa waya ukutani. Baada ya hapo washa tochi ya simu uangalie watoto wako wapi.