Sifa za Mzee Mzizi

Wafalme wamesifiwa, farasi wamesifiwa, hata kahawa imepata malenga wake. Mzizi wa msonobari uliolala katikati ya njia ya baiskeli, umelowa, umechubuka ganda, unang'aa kwa utelezi, haujapata hata wa kuusalimu. Mimi nausalimu. Na kwa kuwa umri wake unastahili heshima, niruhusuni nimwite Mzee Mzizi.

Mzee huyu anaishi kaskazini mwa Italia, milimani Alps, katika bonde la Val di Sole, kwenye njia iitwayo Black Snake, nyoka mweusi. Ni njia fupi: kilomita 2 na ushei, ila ndani yake unashuka zaidi ya mita 500. Magari ya waya hukupandisha ukiwa umekaa kitako, ukitazama mandhari na kujiona mtu wa maana. Kuteremka ndiko kuna mwenyewe.

Msonobari wa huko hauzamishi mizizi yake ndani sana. Huitandaza juu juu ya ardhi. Mvua ikichota udongo na matairi yakikwangua, Mzee anabaki nje, mgongo wazi. Kwa hiyo wanaomlaani wasisahau kwamba ni wao waliomfukua. Yeye alikuwa amelala zake, ameshika mlima usiporomoke, kazi ambayo hakuna anayemlipa.

Tazama sasa uadilifu wake. Anakuja kijana na baiskeli ambayo bei yake inanunua bodaboda tatu mpya na chenji ikarudi. Shokapu zake zinabonyea sentimita 20, breki ni za mafuta, tairi halina tyubu, kofia imefunika mpaka kidevu. Mzee hamuulizi bei. Anamuuliza jambo moja tu: umekuja kwa pembe gani? Aliyemkabili moja kwa moja, gurudumu likamkata katikati, hupita akipata mtikisiko wa mikono na basi. Aliyemjia kimshazari, tairi linatafuta pa kung'ata, halipati, linateleza kumfuata Mzee anakoelekea, na Mzee kwa kawaida anaelekea kwenye shina. Mfupa wa mtulinga una mengi ya kusimulia hapo.

Ila adhabu kali zaidi kaiweka kwa waoga, na hapa ndipo hekima yake inaponishangaza. Mwoga akimwona hukamata breki. Gurudumu linaloshikwa na breki limekwisha kutumia mshiko wake wote. Likifika juu ya mzizi uliolowa halina hata chembe ya akiba. Kwa hiyo mtu anaanguka kwa sababu ya kujihadhari! Anayejua humaliza breki zake mapema, kwenye udongo, kisha anauachia mkono wa breki, anainua gurudumu la mbele kidogo na kupita akiwa mwepesi. Ni mwalimu gani mwingine anayefundisha somo hilo bila ada na bila kusema neno?

Watu wenye majina makubwa wamepita mikononi mwake. Mwaka 2008 mashindano ya dunia yalipofanyika hapo, Gee Atherton na dada yake Rachel, Waingereza, walitoka kila mmoja na ubingwa wake wa kushuka mlima. Huenda Mzee alipendezwa na undugu wao. Mwaka 2021 alimpitisha Mwafrika mwenzetu, Greg Minnaar wa Afrika Kusini, aliyekuwa na miaka 39, umri ambao katika mchezo huu wengi huwa wameshakaa pembeni na kutoa ushauri. Alishinda kwa chini ya nusu sekunde. Ulikuwa ubingwa wake wa nne wa dunia upande wa wakubwa, na wa kwanza aliupata mwaka 2003. Siwezi kuthibitisha kwamba wazee walielewana, lakini nadhani hivyo.

Fikirieni pia riziki anazogawa. Fundi wa rimu anakula kwake. Muuza matairi anakula kwake. Daktari wa mifupa, wabeba machela, mwenye duka la bendeji, wote wana deni kwake, na hakuna hata mmoja anayemtaja akinawa mikono mezani.

Wapo siku hizi wanaopenda njia zilizosawazishwa kwa mashine, kona zimejengwa ukuta, matuta yamepimwa, kila mtu anashuka akicheka na kujiona bingwa. Sina ugomvi na kucheka. Ila njia hizo humsifu kila apitaye, na sifa ya namna hiyo naijua, huwa naisikia harusini. Mzee Mzizi hajamdanganya mtu tangu aote. Anayetaka kumwondoa kwa msumeno aje asubuhi ya mvua, ashuke kwanza kwa baiskeli mpaka chini, halafu msumeno tutamshikia sisi.