Mgeni, Tahadhari na Wasoma Vitabu wa Kiegeani

Watu wanaokwenda Mafia huonywa mambo mengi: bahari ya kusi, jua la saa sita mchana, bei za hoteli za Utende. Papa potwe, pamoja na ukubwa wake wote, haogopwi na mtu, maana hali watu. Hatari ambayo vitabu vya watalii vimesahau kuitaja ni watu wachache waliokaa barazani Kiegeani baada ya sala ya Alasiri, katikati yao kitabu kimoja kilichojaladiwa kwa gazeti. Ukikaribishwa, utakaa. Ukikaa, utaulizwa maoni yako. Kuanzia hapo huna pa kutokea. Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado anaweza kuokoka.

Safari

Kitabu utakachokwenda nacho kifunge vizuri. Katika boti ya kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, maji ya chumvi hayabagui riwaya wala daftari. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia kanga. Usijaribu kusoma njiani upepo ukiwa mkali: ukurasa utakaoufikia hutaukumbuka, ila abiria wa pembeni yako hatakusahau.

Ukishuka Kilindoni, panda bodaboda na usiseme unakwenda kufanya nini. Dereva atakuuliza kitabu gani, atakwambia nani anakufa mwishoni, na nauli atachukua palepale.

Usijifanye umeleta nuru

Wapo wageni wanaoamini kwamba kisiwa kimekaa kinawangoja wao waje kukifundisha kusoma. Wamechelewa. Mafia ilikuwa miongoni mwa wilaya sita ambazo Mwalimu Nyerere alizitaka zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka 1971 haujaisha. Nyingine ni Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Wavuvi na wakwezi wakashika chaki. Mwaka huohuo Euphrase Kezilahabi akatoa *Rosa Mistika*, riwaya iliyokuja kupigwa marufuku shuleni. Kwa hiyo watu waliagizwa wasome, kisha wakaambiwa kipi wasisome, na barazani hadi leo hakuna njia nzuri zaidi ya kukiuza kitabu.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya *Mtu ni Afya*. Nchi nzima, watu wapatao milioni mbili walikaa kwa makundi, redio mbele yao na kijitabu mkononi, wakasikiliza, wakasoma, wakabishana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Elewa basi kwamba kusoma pamoja katika nchi hii kuna historia ya kuishia kwenye jembe. Kikichaguliwa kitabu chenye habari za shamba, njoo na nguo za kazi.

Na kabla ya Serikali kulikuwa na hitima. Msahafu hugawiwa juzuu zake 30, kila mtu akashika yake, na kwa kikao kimoja msahafu wote ukawa umesomwa. Waliolelewa hivyo hawatishiki ukiwaambia kitabu ni kimoja na wasomaji ni baraza zima.

Nakala moja

Ukitaka kila mtu awe na nakala yake, baki Dar es Salaam. Hapa nakala ni moja, na husomwa kwa sauti. Mwenye macho mazuri husoma, wengine hushughulika: huyu anakarabati wavu, yule anamenya muhogo. Usidhani hawasikilizi. Ruka sentensi moja uone.

Kasi ya usomaji ni ndogo, kwa sababu msomaji husimama kila anapokuta jambo asilokubaliana nalo, na hukuta mengi. Kuna ukurasa unaoweza kula jioni nzima. Wewe uliyezoea kumeza riwaya kwa siku mbili utaumia mwanzoni. Baadaye utagundua kwamba zile za siku mbili huzikumbuki.

Hadithi ya upelelezi ina hatari yake ya pekee. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, ndiyo iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko. Sasa, nakala iliyozunguka sana hupoteza kwanza kurasa za mwisho. Usisikitike. Baraza litakupa muuaji, na usipomridhia, litakupa mwingine. Ikitokea ukapata nakala kamili, ifiche. Kuleta muuaji wa kitabuni wakati watu wameshakubaliana na wao ni utovu wa adabu.

Watu utakaowakuta

Anza kwa shikamoo, kwa umri, kuanzia kwa mkubwa. Ukikosea mpangilio huo, hoja zako zote zitapimwa kwa kosa hilo.

Utamkuta mzee wa Shaaban Robert. Kwake fasihi ilikwisha Juni 1962, siku alipofariki bwana huyo. Usimbishie kwa kumtajia waandishi wa baadaye, kwani amekuandalia jibu: *Kufikirika* ilitoka 1967 na *Utubora Mkulima* 1968. Mtu wake akiwa kaburini ametoa vitabu vingi kuliko wewe uliye hai.

Utamkuta mwalimu mstaafu. Huyu hawezi kusikia kisa bila kuuliza dhamira, migogoro na ujumbe. Mbele yake usiitaje *Takadini*, riwaya ya shuleni. Vijana wote waliopita kidato cha nne wataanza kuporomosha dhamira kama jedwali la kuzidisha, na jioni itageuka chumba cha mtihani.

Utamkuta kijana anayesema ameisoma *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Amesoma filamu, ile ya Amil Shivji ya 2021. Mvumilie. Anajua rangi ya nguo ya Yasmin, jambo ambalo nyinyi wasomaji hamkuliangalia.

Mwisho, na hapa sifanyi mzaha, yupo bibi anayesuka ukili. Amekaa pembeni kidogo, mgongo ukutani, kitabu hakishiki. Anasema miwani imevunjika, na imevunjika tangu zamani. Huyo ndiye wa kuogopwa. Atanyamaza sura tatu, halafu aulize swali moja: "Sasa huyo mkewe, siku zote hizo, alikuwa akila nini?" Mtaangaliana. Mwandishi hakusema. Profesa aliyeandika dibaji hakuliona. Riwaya nzima itabidi irudiwe kuanzia ukurasa wa kwanza kumtafutia mwanamke huyo chakula.

Kuchagua kitabu

Usije na orodha. Walioshinda tuzo hawapendelewi hapa, na hata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobel mwaka 2021, alipangiwa foleni. *Peponi*, yaani *Paradise* yake ya 1994 kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, iliwafikia wasomaji 2022. Ukiwa umeisoma peke yako kitandani, huenda uliifurahia kwa misafara, misitu na masultani wa bara. Barazani hamtafika bara upesi. Mtakwama pale mwanzoni, Yusuf anapochukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu baba yake anadaiwa.

Je, baba alijua? Mama alinyamaza kwa nini? Mwenye duka atakohoa, maana daftari lake la mikopo lina majina ya nusu ya waliokaa hapo, na wao wanajua kwamba anajua. Mvuvi atauliza kama deni la mashine ya boti linaweza kumfika mtoto. Bibi ataacha ukili. Utakuwa umekuja na maoni yako mazuri kuhusu mtindo wa mwandishi, na utayatafuta mfukoni usiyaone.

Hapo ndipo wageni wengi hupotea kabisa. Mtu akishaona kitabu alichodhani anakijua kikifunguliwa upya na watu ambao mambo yake yamewagusa, kusoma peke yake hakumtoshi tena. Atawatafuta wenzake kwa kila kitabu, na hakuna dawa.

Kuazima

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walikuwa wakizungumzia fedha, kitu chepesi. Kitabu ukikiazimisha Kiegeani, hesabu kwamba umekitoa sadaka. Usikidai moja kwa moja. Uliza hali ya nyumbani, uliza watoto, uliza bei ya pweza, kisha sema, kama aliyekumbuka kwa bahati, kwamba kuna ukurasa unaoutatiza moyo wako. Utaambiwa kipo Jibondo. Wiki ijayo kitakuwa Kirongwe. Kikirudi kitakuwa na duara la kikombe cha kahawa, namba ya simu ya fundi cherehani, na pembeni mwa sura ya sita neno "Mwongo!" kwa kalamu ya bluu.

Usilifute. Ndiyo sehemu ya kwanza utakayoisoma.

Kujiokoa

Kama bado hujakaa, nafasi unayo. Sema una safari, sema una mgonjwa, sema lolote, lakini liseme kabla kahawa haijamiminwa. Ukishapokea kikombe na kuuma kashata, utasogezewa kitabu usome ukurasa unaofuata. Utausoma kwa haraka ya mjini, na watu watatu watakusahihisha kwa pamoja, kila mmoja kwa namna yake, kisha watageukiana na kuanza kusahihishana wao. Ukiona hivyo jua umeshaandikishwa, na hakuna kadi nyingine itakayokuja.