Aliye Kwenye Foleni Ahudumiwe

Kwa miaka mingi Dodoma ilikuwa mji wa kulala mapema, na hakuna aliyeona aibu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye kampuni moja ya Toronto, Kanada, ikakamilisha mpango mkuu wa mji: njia za mabasi, njia za waenda kwa miguu, maeneo ya wazi, makazi yenye huduma zake karibu. Kila haja ya binadamu ikapata rangi yake kwenye ramani. Iliyokosa rangi ni haja ya mtu aliyeshikwa na hamu ya chipsi mayai saa sita usiku.

Wakati ule halikuwa tatizo. Serikali yenyewe ilichukua miongo minne kufika, sasa nani angemkaangia nani? Mji ulijaa Bunge likikutana, ukapwaya Bunge likiahirishwa, na katikati ya hapo watu walikula ugali na mlenda mapema, wakafunga madirisha kwa sababu ya upepo, wakalala. Kisha Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba sasa tunahama kweli. Wizara zikaja, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na Aprili 26, 2018 manispaa ikawa jiji. Mwaka 2023 mabasi ya mikoani yakaruhusiwa tena kutembea usiku kucha. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kushusha watu kutoka Dar es Salaam. Wote hao walikuja na matumbo ya Dar, ambayo huanza kudai chakula cha usiku pale Dodoma inapopiga miayo.

Mtaa wetu, ambao sitautaja jina ili niendelee kupewa kachumbari ya nyongeza, una kibanda kimoja cha chipsi kinachoheshimika. Mwenye nacho tunamwita Shemeji, kwa kuwa mkewe ni binti wa hapa hapa. Ukikosana naye umekosana na ukoo mzima. Viazi vyake vinatoka Njombe, mafuta yake ni ya alizeti ya Singida, na pilipili yake haijulikani inatoka wapi ila inajulikana inapokwenda. Alikuwa anafunga saa nne usiku, kama mtu mwenye staha.

Msimu wa Bunge la Bajeti, unaoanza Aprili na kuishia Juni, ndio uliomharibia staha. Watu walianza kumgongea dirisha akiwa ameshazima jiko: madereva waliokuwa wakiwasubiri wakubwa tangu asubuhi, wauguzi wa zamu, walinzi, wanafunzi wa UDOM wenye mtihani kesho, abiria wa treni wanaoburuta mabegi kwenye changarawe. Usiku mmoja dereva alisimamisha gari jeupe katikati ya barabara akapaza sauti: "Mnafunga?" Alitaka chipsi za kubeba. Kijana wa jikoni, akiwa na foili mkononi, akajibu kwa furaha: "Tunafunga, bosi!" Dereva akaondoka kwa hasira, na kijana akabaki ameshika foili, akishangaa watu wa Dar wasivyo na shukrani.

Basi Shemeji akaandika barua kwa serikali ya mtaa, akiomba "kuongezewa muda wa kuhudumia wananchi" mpaka saa nane. Unaweza kuuliza kwa nini muuza chipsi aombe. Baa ina Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayoipangia saa ya kufungua na ya kufunga. Kibanda cha chipsi kina leseni ya biashara, cheti cha kupimwa afya cha anayeshika mwiko, na majirani. Majirani hawana fomu wala dirisha la malipo, ndiyo maana ni mamlaka ngumu kuliko zote.

Mimi nilitumbukizwa humo na miwani. Mwenyekiti wa mtaa, aliyeingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024 na bado ana ari, alinikuta mlangoni akaniambia: "Mwalimu, kikao kinahitaji katibu, na wewe una maandishi mazuri." Mimi si mwalimu, na maandishi yangu hajawahi kuyaona. Lakini mtaani kwetu mwenye miwani ni mwalimu, na mwalimu akikataa kalamu watu huanza kuulizana kama miwani yenyewe ni ya kwake.

Kikao cha kujadili kuongeza muda kiliitwa saa kumi jioni, kikaanza saa kumi na moja na nusu. Kilifanyika chini ya mwarobaini ulio ubavuni mwa kibanda, kwa sababu viti pekee vya kutosha mtaani ni vya Shemeji. Hii ilikuwa na maana kwamba mshtakiwa ndiye aliyewakalisha mahakimu, tena akiendelea kukaanga, maana Jumamosi ni Jumamosi.

Kabla hata ya dua ya kufungua, upepo wa Dodoma ulileta hoja yake. Uliinua karatasi ya mahudhurio kutoka mapajani mwangu, ukaizungusha juu ya vichwa vya wajumbe, ukaiingiza dirishani mwa kibanda. Nilipofika, kijana alikuwa ameshaifungia mishikaki minne, na mteja alikuwa ameshapanda bodaboda. Majina na saini za wakazi wote waliohudhuria zilielekea Nkuhungu zikiwa za moto. Mwenyekiti aliuliza kama akidi imetimia. Nikamjibu kwamba ilikuwa imetimia.

Mtu akiishi Dodoma, hata kama hajawahi kuvuka geti la Bunge, Bunge litamwingia mdomoni. Hapa kwetu mama akigombana na muuza dagaa utasikia "naomba mwongozo". Kwa hiyo wasemaji wote walianza kwa kumpongeza Mheshimiwa Mwenyekiti kwa kazi kubwa anayoifanya, ambayo hadi hapo ilikuwa ni kuchelewa.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mstaafu tunayemwita Mzee wa Ramani. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, ilivunjwa Mei 2017, lakini kwa Mzee wa Ramani bado iko kazini. Alisema kwenye ramani pale palipo kibanda ni eneo la wazi. Mjumbe mmoja akamkumbusha kwamba kwenye ramani hiyo hiyo, sebule yake ni njia ya waenda kwa miguu. Mzee akaomba maneno hayo yafutwe kwenye kumbukumbu rasmi. Nikayafuta, kisha nikayaandika hapa.

Akafuata jirani wa ukuta kwa ukuta. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nina presha. Daktari amenikataza mafuta. Sasa nikilala na dirisha wazi mpaka saa nane, si nitakuwa nakula?" Watu walipiga makofi. Akamaliza kwa kusema anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, kwa sababu hajui namna nyingine ya kumaliza hotuba.

Mwenye nyumba ya wageni alisimama upande wa Shemeji. Wageni wake, alisema, wanafika usiku, wanakuta mji umefungwa, wanamwamsha yeye kuomba chai, na akiwachemshia wanataka na chapati. Akaketi bila kumpongeza mtu.

Hapo nikaona nami nichangie kidogo, maana katibu naye ni mwananchi. Nikasema wenzetu wa Uingereza wana sheria ya leseni ya mwaka 2003: anayetaka kuuzia watu chakula au kinywaji cha moto kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, lazima awe na kibali maalumu. Kwa chakula baridi hahitaji. Nilidhani naongeza hekima. Sauti ikatoka nyuma: "Basi auze za baridi!" Kikao kikakaribia kupitisha. Ilibidi Shemeji aache karai, aje na mwiko wake mkononi, aeleze kwamba chipsi baridi si chakula, ni adhabu, na kwamba yeye amekata leseni ya chakula.

Alipokuwa amesimama hivyo, akasema anao ushahidi wa mahitaji ya wananchi. Akaingia kibandani, akatoka na daftari la madeni. "Humu," alisema akilifungua taratibu, "kila aliyekula baada ya saa nne yumo, kwa jina, tarehe na kiasi. Naomba nilisome."

Sijawahi kuona hoja za utaratibu nyingi namna ile kwa wakati mmoja. Mzee wa Ramani aliomba mwongozo. Jirani mwenye presha aliomba kutoa taarifa, kisha akasahau taarifa. Baba mmoja, aliyekuwa amejiandikisha kuzungumzia maadili ya vijana wanaozurura usiku, aliondoa jina lake kwenye orodha ya wachangiaji. Mwenyekiti naye, kwa wepesi ambao angeutumia kuanzisha kikao tusingechelewa, akaamua kwamba daftari hilo ni nyaraka ya siri na lisijadiliwe hadharani. Likarudishwa chini ya ndoo ya viazi.

Baada ya hapo wapinzani wote walilainika, ila hakuna aliyetaka kuonekana amelainika. Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyewahi kusimamia vituo vya kupigia kura. Alipendekeza kibanda kifungwe saa sita kamili usiku. Ila, akasema akiinua kidole, tufuate utaratibu wa uchaguzi: kituo kinafungwa saa kumi jioni, lakini aliyekwisha kuwa kwenye foleni muda huo anaruhusiwa kupiga kura. Vivyo hivyo, saa sita ikigonga, aliye kwenye foleni ahudumiwe.

Pendekezo lilipita kwa kauli moja. Waliotaka saa sita walisikia saa sita. Waliotaka saa nane walisikia foleni. Nikaandika azimio kwa mwandiko wangu mzuri ambao sasa kila mtu ameuona.

Matokeo yake yangeweza kutabiriwa na mtoto wa chekechea, lakini hakualikwa. Zamani watu walikuja kwa Shemeji mmoja mmoja: huyu saa tano, yule saa sita na nusu, wakila na kuondoka bila hata mbwa kuwastukia. Sasa mtaa mzima, pamoja na madereva wa mitaa ya jirani, hufika saa sita kasoro robo, kila mtu akiwahi kuwa "aliye kwenye foleni". Foleni inaanzia dirishani, inapita mwarobaini, inakata kona. Na foleni ya Watanzania wenye njaa haikai kimya; inajadili Simba na Yanga.

Halafu kukazuka suala la kisheria. Wenye shughuli nyingi walianza kutuma wawakilishi: bodaboda waliweka helmeti, wengine tofali, mwingine kandambili ya mguu mmoja. Saa sita ilipogonga, je, tofali ni mwananchi aliye kwenye foleni? Tuliletewa shauri hilo mimi na Mwenyekiti tukiwa tumevaa makoti ya Julai, huku upepo ukitia mchanga kwenye kachumbari. Tuliamua kwamba helmeti inahudumiwa, kwa kuwa inaweza kuvaliwa, ila tofali lirudi lilikotoka. Kesho yake kijana mmoja alianza kukodisha helmeti kwa shilingi 500.

Mwenyekiti akaona aweke mgambo asimame nyuma ya mtu wa mwisho, ili yeyote atakayefika baada yake arudishwe. Usiku wa kwanza mgambo alisimama vizuri. Usiku wa pili, harufu ikiwa imemshinda, alitangaza kwamba yeye naye anataka chipsi mayai. Mama wa uchaguzi aliulizwa tafsiri, akasema basi mgambo ndiye mtu wa mwisho kwenye foleni, na kwa mujibu wa azimio hakuna mgambo nyuma yake. Watu wakajipanga nyuma yake hadi saa nane na nusu.

Mimi nimeyatazama haya kutoka dirishani kwangu, na mara nyingine kutoka katikati ya foleni, nikaridhika na jambo moja. Karai la Shemeji halijawahi kumwamsha mtu. Kinachotuamsha ni ule ukomo wa saa sita, unaotukusanya wote dakika moja kana kwamba chipsi zinatolewa na serikali. Mwache mtu auze mpaka saa nane, na kila mwenye njaa atakuja kwa saa ya njaa yake, atakula, ataondoka. Dar es Salaam walipozindua biashara ya saa 24 Kariakoo mwaka 2025, mazungumzo yalikuwa ya taa na ulinzi, na hayo ndiyo ya kujadili. Nasi tuombe taa mbili na pipa la taka, tuliache jiko liendelee na kazi yake. Mji umeshaamua kukesha. Sisi bado tunauandikia muhtasari wa kuulaza.

Hoja hiyo nitaiwasilisha kwenye kikao cha pili, ambacho kimepangwa saa mbili usiku ili wafanyakazi wa Mtumba wawahi. Mwenyekiti ametangaza kwamba kila mjumbe aje akiwa ameshakula, kikao kisikatizwe na harufu. Shemeji, ambaye ndiye mwenye viti, ametangaza kwamba viti ni vya wateja.