Kitanda cha Kufumia Kimekugomea: Makosa Manane ya Mwanagenzi, Kutoka Dogo Hadi Baba Lao

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Kwa heshima zote, wahenga hao hawakuwahi kukiona kitanda cha kufumia mbele ya mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Kinachozaliwa pale kina matundu, kina pembe tano, na kina baba watatu wa kusingiziwa: mbao mbovu, uzi feki, na fundi aliyefundisha. Wote hawahusiki. Kosa unaloliona leo ukipitisha mshindio, uzi wa kukingama, ulilitenda juzi ulipokuwa unatanda, na kitanda kimelisema tu, tena kwa kuchelewa. Nazungumzia kitanda cha mbao chenye fremu 4 na makanyagio chini. Tuanze na nane, tushuke.

8. Uzi uliochaguliwa kwa mapenzi

Uliingia dukani ukapenda uzi wa manyoya laini, mweusi tii. Hongera kwa mapenzi. Mtande, yaani nyuzi za urefu, unasuguliwa kutwa nzima na chanuo, kile kitana cha kupigia mshindio, kwa hiyo manyoya yatashikana na nyuzi zitakataa kuachana. Kuhusu weusi, jaribu kuupitisha kwenye vitanzi vya fremu saa mbili usiku, umeme wenyewe wa mgawo, halafu tuongee. Chukua pamba iliyosokotwa imara, rangi nyepesi. Kata kipande, kivute ghafla kwa mikono miwili. Kikikatika mkononi, kitandani hakitoboi.

7. Hesabu za mtu mwenye matumaini

Unataka shali ya mita 2, basi umetanda mita 2. Kitanda nacho kina ushuru wake, mpendwa, na hakitoi risiti. Sentimita 70 hivi hubaki nyuma ya vitanzi na kwenye mafundo ya mbele, hazifumiki. Mtande unapopita juu na chini ya mshindio hupungua, tuseme asilimia 10. Ukifua, pamba inarudi, weka asilimia 10 nyingine. Hapo umeshavuka mita 3, na mimi ningetanda 3 na nusu nilale usingizi. Upana nao unasinyaa vivyo hivyo, na kitambaa hakisikilizi maombi.

6. Kuanzia pembeni mwa chanuo

Mtande umeegemea kushoto, chanuo likipigwa linakwenda mshazari, na ukingo mmoja unakatika kila baada ya dakika kumi. Pima katikati ya chanuo, tia alama, gawa mtande nusu kwa nusu. Basi. Hili halihitaji hata chai.

5. Tundu lililorukwa na tundu lenye wapangaji wawili

Tundu tupu kwenye chanuo linachora mfereji kuanzia mwanzo wa kitambaa hadi mwisho. Tundu lililosongamana linachora tuta. Ukiwa navyo vyote viwili una barabara ya mtaani kwetu. Wapo wanaojitetea kuwa ni mtindo. Sawa, lakini mtindo hurudiwa, na wako uko mahali pamoja tu. Dawa yake si kufumua kila kitu. Fungua mafundo kuanzia penye kosa hadi ukingo ulio karibu, hamisha nyuzi tundu moja moja, funga tena. Nusu saa, na lawama kidogo.

4. Mpishano uliopotea

Unapozungusha mtande kwenye ubao wa vigingi, kuna mahali nyuzi hupishana kwa umbo la namba nane. Mpishano ule ndio daftari la majina: unasema nani ametangulia na nani anafuata. Mwanagenzi anamaliza kuzungusha, anajipongeza, anauchomoa mtande wote kwenye vigingi bila kufunga chochote. Sasa ana nyuzi 200 zilizotoka kwenye foleni ya benki, na kila moja inadai yenyewe ndiyo ya kwanza.

Kabla ya kugusa kigingi, funga mpishano kwa kamba ya rangi tofauti, kila upande. Kisha bana mtande wenyewe kila baada ya mita moja, ubane kweli. Kama umeshachelewa, nakuomba jambo moja: usiutikise. Kila anayeutikisa anadhani yeye ana bahati. Ulaze juu ya meza, chambua uzi mmoja mmoja kuanzia ukingo, ukubali kwamba mpangilio utakuwa wa kukadiria. Mtande mfupi unaweza hata kuukata ukatengenezea matamvua. Wageni watayasifu, nawe utaitikia asante.

3. Moja, mbili, nne, tatu

Kupitisha nyuzi kwenye vitanzi ni kuhesabu: fremu ya 1, ya 2, ya 3, ya 4, tena kutoka mwanzo. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Tatizo ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza hapigiwi simu na shemeji anayetaka kujua utakuja lini. Ukirudi kutoka kwa shemeji unaendelea na fremu ya 4, ya 3 ikabaki inakungoja.

Kinga yake ni kuhesabu vitanzi vinne vinne na kufunga fundo legelege kila kundi likikamilika. Simu ikilia, maliza kundi kwanza. Shemeji haendi popote. Na ukigundua uzi umesahaulika wakati kitambaa kimeshafika kiganja kimoja, usifumue. Chukua kamba ya pamba imara, ikunje mara mbili, ifunge kwenye ufito wa chini wa fremu inayohusika, piga fundo chini ya usawa wa matundu ya vitanzi jirani na jingine juu yake ili libaki jicho katikati, kisha malizia kwenye ufito wa juu. Umepata kitanzi kipya. Pitisha uzi, uingize kwenye chanuo, songa mbele. Fundi akipita, jifanye ulikipanga.

2. Mwanya usiofunguka

Unakanyaga, fremu 1 na 3 zinapanda, 2 na 4 zinabaki, na mwanya unafunguka mshindio upite. Wako umefunguka, ila nyuzi sita zinaning'inia katikati hazijui ni za chama gani. Inama ubavuni mwa kitanda uchungulie usawa wa mwanya. Zinazoelea ama zimevukana kati ya vitanzi na chanuo, ama kitanzi kimejisokota, ama kamba za kanyagio hazilingani urefu.

Na usisingizie kitanda. Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akasifu vitambaa vya mji ule kwamba havina mfano na kwamba vilipelekwa hadi Misri. Wafumi wa kimila wa Benadir, pwani ya mji huohuo, hukaa ukingoni mwa kishimo, miguu ikikanyaga huko chini wasikokuona, na mwanya unafunguka. Wewe una stuli, taa na dirisha. Kanyaga kila kanyagio mara mbili kabla ya kufuma, kisha fuma vidole vinne kwa mabaki ya uzi mnene. Makosa yote yatajitokeza pale, kwenye uzi usio na gharama.

1. Mkazo usiolingana, baba lao

Mengine yote yana kiraka. Hili linakaa ndani ya rola ya nyuma, likisubiri ufike nusu ya shali.

Chanzo ni kukunja mtande bila kitu kati ya tabaka. Nyuzi za juu zinazama katikati ya zile za chini, zingine zinazunguka njia ndefu na zingine fupi, na ukifika mita ya pili kushoto kumekaza na kulia kunalegea. Weka karatasi nene ya kaki, pana kupita mtande, au vibao bapa, rola ikizunguka. Gazeti lina wino, na pamba nyeupe husoma habari zote. Tafuta mtu wa kushika mtande upande wa pili kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Anayechoka haraka apewe kazi ya kuleta karatasi. Mbele, anza kufunga katikati, kisha kushoto, kisha kulia, kila fundo na upana wa vidole viwili hivi, halafu pitisha kiganja juu ya mtande. Penye kubonyea pafunguliwe.

Umeshachelewa, ila ni uzi mmoja tu unaobembea? Uning'inizie kichupa cha mchanga nyuma ya kitanda. Kadiri unavyofuma kitapanda. Kikigusa mti wa nyuma, kiteremshe uendelee. Mgeni akiuliza kile kichupa ni cha nini, mwambie ni mtambo.