Mashine ya Sukari na Watu Wake

Kisukari cha aina ya pili ni ugonjwa ambao kongosho huendelea kutengeneza insulini, yaani homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli, lakini seli haziitikii ipasavyo, kongosho nalo huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na sukari hubaki ikizunguka mishipani. Tiba yake ina mambo mengi, ila linalozua visa nyumbani kuliko yote ni kipimo, kwa kuwa mashine inayoenea kiganjani humpa mgonjwa namba baada ya sekunde chache, na binadamu akishapewa namba hukosa subira ya kuuliza ni ya saa ngapi, imepatikanaje, na inasema nini.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kidole huchomwa ubavuni mwa ncha yake, ambako maumivu ni machache kuliko katikati, kisha tone la damu huguswa na stripu, yaani kipande chembamba chenye kimeng'enya kinachoitikia glukosi, na mashine huugeuza mwitikio huo kuwa tarakimu. Kimeng'enya hicho ni kiaminifu, lakini hakiulizi glukosi imetoka wapi. Mzee aliyemaliza kumenya embe dodo barazani, akajifuta vidole kwenye msuli na kujichoma, anaweza kusomewa 17 ilhali damu yake ina 7, kwa sababu kilichopimwa ni damu na embe kwa pamoja. Nyumba nzima hutaharuki, simu hupigwa Tanga na Muscat, na majani ya mwarobaini huanza kuchemshwa, kabla ya mjukuu mmoja kuuliza kama babu alinawa mikono. Maji, sabuni na kitambaa kikavu vingeumaliza mjadala huo mapema; na hata baada ya kunawa, mashine nzuri huruhusiwa kupishana na maabara kwa takribani asilimia 15, kwa hiyo wanandoa wanaonuniana kwa ajili ya 7.1 na 7.6 wananuniana bure.

Mtafaruku wa pili huletwa na vizio vya kupimia. Tanzania na Kenya sukari huandikwa kwa kawaida kwa milimoli kwa lita, ilhali Marekani huandikwa kwa miligramu kwa desilita, na namba ya kwanza ikizidishwa kwa 18 hupatikana ya pili. Ndugu anayeishi Minnesota hutuma mashine kwa nia njema na bila maelezo, na shangazi aliyezoea kusoma 7 huamka akasoma 126, akaita kwanza wanawe, kisha shehe. Namba hiyo ikigawanywa kwa 18 ni 7.0 ileile ya siku zote, ambayo kabla ya kifungua kinywa imo ndani ya kiwango cha 4.4 hadi 7.2 wanachoshauriwa kukilenga watu wazima wengi wenye kisukari. Lakini hesabu hiyo kwa kawaida hufanywa baada ya shamba la minazi kwisha kugawanywa.

Visa vya alfajiri huvunja zaidi uaminifu wa ndoa. Mtu hulala na sukari ya 6.8, hali kitu usiku kucha, na huamka na 8.9; mkewe, aliyeyahesabu maandazi usiku na kuyahesabu tena asubuhi, huingiwa na shaka. Maelezo ya kitaalamu ni kwamba kunapokaribia kucha mwili hutoa homoni kama kotisoli na homoni ya ukuaji, ambazo huchangia ini kumwaga glukosi ili mtu aamke na nguvu, na kwa mwenye kisukari insulini haitoshi kulizuia. Mshukiwa halisi, basi, ni ini, ingawa ni lazima ikubalike kwamba maelezo haya huwafaa sana hata wale ambao maandazi yao yalipungua kweli.

Kuhusu chakula, kosa lililoenea ni kudhani kwamba sukari huingia mwilini kwa mlango wa utamu tu. Mmoja huiacha sukari ya chai kwa kishindo, akamtangazia kila apitaye, kisha akaishushia chai hiyo chapati tatu. Mwingine hujitetea kwamba dona halina sukari, na wa tatu kwamba asali imetoka kwa Mungu moja kwa moja. Wanga, uwe wa sembe, wa dona, wa mihogo au wa ndizi, humeng'enywa ukawa glukosi, na tofauti huwa katika kasi na kiasi: nyuzinyuzi za dona huchelewesha, lakini kuchelewa si kutofika. Ndiyo maana hushauriwa kupima saa 2 baada ya kuanza kula, lengo la kawaida likiwa chini ya 10. Anayepima kabla ya biriani ya harusi na kulala bila kupima baada yake amepima njaa yake tu.

Kinachoviunganisha visa hivi ni imani kwamba mashine inasahihisha mtihani, na imani hiyo hufikia kilele wiki ya kliniki. Mgonjwa aliyekula keki miezi miwili huhamia mchicha siku 3 kabla, huenda sokoni kwa miguu, na kufika kwa daktari na 5.8 na uso wa mtahiniwa aliyefaulu. Daktari hutazama kipimo kingine, HbA1c, kinachoonyesha asilimia ya hemoglobini iliyonatwa na glukosi. Na kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kipimo hicho husimulia wastani wa miezi 2 hadi 3, keki zikiwemo. Lengo la wengi ni chini ya asilimia 7, na mchicha wa siku 3 haulifikii.

Kushuka kwa sukari hakuna mzaha, ingawa nako kuna kichekesho chake. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushuka chini ya 3.9, akatetemeka, akatokwa na jasho na kuchanganyikiwa, na hapo, maadamu anaweza kumeza, huhitaji gramu 15 za sukari ya kuingia haraka, kama nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Wakati huohuo hubainika kwamba jamaa, kwa mapenzi, wamekwisha kuificha sukari yote nyuma ya masufuria ya Idi, na binti husimama mlangoni na soda mkononi akikataa kuitoa kwa hoja kwamba baba ana sukari. Baba, kwa dakika hizo, hana.

Dawa ya mikasa hii ni daftari la kawaida, linaloandikwa namba, saa, chakula, dawa iliyomezwa na maradhi mengine kama yapo, kwa sababu namba moja ni habari ya dakika moja, bali namba za wiki mbili humwonyesha daktari ni mlo upi wa kupunguzwa na dozi ipi ya kubadilishwa. Sharti lake ni moja, nalo huuma kuliko sindano: biriani iandikwe kama ilivyoliwa, pamoja na sahani ya pili.